Jicho la Nyumba Yetu

Kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kuliangalia kwa darubini lile doa jeusi lililo karibu na jua, mchana kutwa, aseme kama limekua. Nyumba isiyo na mwangalizi hukatiwa maji. Kwetu niliwekwa mimi, maana niliishia darasa la saba, na mdogo wangu Hidaya bado anasoma.

Leo adhuhuri mjumbe wa mtaa alipanda juu ya paa kunipima. Akaliziba jicho langu la kushoto kwa kiganja.

"Haya Siwema, vidole vingapi?"

"Mjumbe, mkono wako unanuka samaki, nitaonaje?"

"Siku hizi mnaona kwa pua? Nimeuliza vidole."

Nikabahatisha. "Vitatu."

"Sijanyoosha hata kimoja, mwanangu." Akamgeukia mama aliyesimama kando yangu. "Jicho la darubini limeshaungua hili. Hidaya amefika darasa la ngapi?"

Hidaya alikuwa chini uani akisugua masufuria. Nilisikia ameacha kusugua.

Mama alinivuta karibu, akanifuta machozi kwa upindo wa kanga yake, polepole, kama alivyokuwa akinifuta nilipokuwa mdogo. Nikajua anatafuta neno la kututetea mimi na Hidaya.

"Mjumbe," akasema, "huyu bado ana la kushoto."

Mjumbe akafikiri kidogo, akakubali. Akaisogeza darubini upande wa pili. Mama akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, akanisaidia kuinama.