Sauti ya Kwenye Mchezo

Maoni ya wachezaji yalikuwa yaleyale tangu asubuhi: nyota moja, na malalamiko kuhusu sauti. "Huyu anayeongea ana lafudhi gani? Mtoeni."

Kampuni yao ya michezo ya simu, pale Kasulu, ilikuwa imebaki na watu wawili: Esteri na rafiki wa marehemu mumewe.

"Shemeji, tukiiacha hii sauti tunafunga ofisi," rafiki alisema taratibu, akitazama chini.

Esteri aliisogeza spika sikioni. Kwenye rekodi ya mchezo, mumewe alikohoa kidogo, kama alivyokohoa siku ile wakimrekodi, kisha akasema, "Karibu, tuanze safari."

Aliisikiliza mara tatu. Halafu akaifuta.

Wiki iliyofuata zikaanza kuja nyota tano. "Sasa mchezo umetulia," mchezaji mmoja aliandika.