Kinyesi cha Kiboko

Kiboko alikuwa akinya kinamasini kila alfajiri, akikirusha kinyesi huku na huko kwa mkia. Korongo, aliyejivunia manyoya yake meupe, akaitisha kikao. "Mchafu huyu anatutia aibu," akasema, na wanyama wote wakamfukuza.

Kiboko akaondoka amefura kwa hasira. Njia zote za maji alizifungua yeye kwa kifua chake, na shukrani yao ndiyo hii.

Matete yakaziba njia. Samaki waliokula kinyesi chake wakaisha, tope likapasuka.

Korongo akamfuata, mbavu zinahesabika. "Mzee wetu, rudi. Tunakufa njaa."

"Si mlitaka usafi?" Kiboko akafoka. "Basi kuleni usafi."

Hata hivyo alirudi, maana kinamasi kilikuwa makao yake pia. Akayavunja matete, maji yakapita. Kisha akamgeuzia Korongo makalio, akaanza kuzungusha mkia.

Korongo, na weupe wake wote, hakuthubutu kusogea.