Aliyemjibu Yunia

Phelis alikataa kuketi. Aliweka simu ya marehemu dada yake mezani, akaisukuma mpaka ikagonga kikombe cha yule kijana, chai ikamwagika kidogo.

"Nataka jina moja tu," alisema. "Nani alisoma haya maneno, halafu akanyamaza?"

Kijana huyo aliitwa Mathew. Ndiye aliyesimamia ofisi ndogo ya Kikapu mjini Bomet, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Hakuigusa simu. Unga ulikuwa bado umeshika pembeni mwa kioo, maana Yunia alikuwa akiificha ndani ya ndoo ya unga ili mumewe asiione.

Zamani, kanisani kwao Ndanai, maombi ya siri yaliandikwa kwenye karatasi na kutiwa kikapuni siku ya Sabato. Siri gani hiyo. Mwandiko ulijulikana, na kufikia Jumapili jioni hata wauza mboga walikuwa wanajua ni nani hapati mtoto na ni mume wa nani ana mwanamke mwingine Sotik. Ndipo vijana wa Bomet wakaleta Kikapu cha kwenye simu. Unaandika shida yako, unabonyeza, inamfikia mzee wa maombi peke yake.

Tena ilikuwa programu huria, walivyopenda kujisifu. Jinsi ilivyoandikwa iliwekwa wazi, mtu yeyote duniani aikague, na akiona kasoro airekebishe bure. Hata hivyo, mwezi wa Machi maombi yalivuja yakazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wanawake wawili wakahama kanisa kwa aibu. Kampuni ya vijana hao iliomba radhi, ikaahidi kuziba mwanya. Ikaziba kweli, kwa msaada wa watu wa kujitolea kutoka nchi ambazo majina yake Phelis hawezi kuyatamka. Sasa cheti cha kulinda siri za watumiaji kilining'inia ukutani, nyuma ya kichwa cha Mathew, ndani ya fremu ya dhahabu ya bandia.

Yunia alianza kuandika mwezi wa Mei.

Hakumwambia Phelis. Mke akishtaki kwa ndugu zake, hiyo ni ndoa imevunjwa. Akimwambia mzee wa kanisa aliyewafungisha ndoa, mzee anakuja, anaitiwa chai, anaongea na mume, na nyumba inabaki nyumba. Ndivyo walivyolelewa, na Phelis alikuwa akiichukia sana busara hiyo wiki ile.

Maneno yenyewe aliyasoma mpaka yakamkaa kichwani. Kwanza Yunia aliandika kwamba mumewe, Mochama, amempiga, aombewe. Baadaye akaandika kwamba Mochama amenunua panga jipya, na shambani haendi. Mwisho akaandika: "Mzee, kuja uniondoe hapa na watoto. Kuja hata leo."

Kila mara alijibiwa. Alijibiwa vizuri, kwa upole, na kwa jina lake. "Yunia, machozi yako tumeyaona." Hapo ndipo Phelis aliposhikwa na uchungu usiomezeka. Mtu alipata nafasi ya kuandika maneno matamu hivyo, lakini hakupata nafasi ya kutembea mpaka langoni kwa dada yake. Sasa Mochama alikuwa rumande, na Yunia alikuwa chini ya udongo ambao haujakauka.

"Ni Mzee Ombati," alisema. "Yeye ndiye mzee wa maombi, na kwake ni ng'ambo tu ya mto. Nilimuuliza kwa matanga, akaapa hakuona ombi la Yunia. Ati tangu Machi hajaona ombi la mtu yeyote. Ati alifikiri watu wamepata amani." Alicheka, kicheko kikavu. "Kesho ni Sabato. Nitasimama mbele ya kanisa yote nimtaje, na sitaki aseme ninamsingizia. Wewe niandikie tu kwamba alisoma."

"Siwezi, mama."

"Unamficha."

"Tangu tuzibe, hakuna mtu anaweza kusoma, mama. Hata mzee, hata sisi wenyewe hatuwezi. Hiyo cheti tulipewa kwa sababu hiyo."

"Usinichezee. Kama hakuna mtu anasoma, nani alikuwa anajibu dada yangu?"

Macho ya Mathew yalikuwa mekundu. Tangu Phelis alipompigia simu juzi na kumweleza aliyokuja kuuliza, alionekana hajalala, na Phelis alijua macho ya mtu mwenye hatia anapoyaona. Alifurahi kuyaona. Alitaka mtu mmoja katika dunia hii ashindwe kulala pamoja naye.

Mwishowe kijana aliichukua simu, akaupangusa unga kwa mkono wa shati. Akafungua kifuniko chake, akachomoa laini, akaiweka mezani. Akazima na waifai ya ofisi, akamwonyesha Phelis kwamba juu ya kioo hakuna hata alama moja ya mtandao. Akamrudishia simu.

"Andika kitu, mama."

"Niandike nini?"

"Chochote. Halafu utume."

Phelis alidhani ni hila ya kumchosha aende zake. Aliandika kwa kidole kimoja, pole pole, kwa hasira: "Huyu ni Phelis. Yunia tulimzika Jumanne." Akabonyeza.

Simu ikalia mkononi mwake, bila laini wala mtandao, kabla hajainua kidole.

"Tumekusikia, Yunia. Hauko peke yako."