Kiti cha Mwisho cha Fizikia ya Pili

Usajili wa masomo ulifunguliwa saa mbili kamili asubuhi. Dakika moja baadaye baba alikibamiza kifuniko cha kompyuta, vidole vya mkono wa kulia wa Yesenia vikiwa bado juu ya vitufe.

Vidole viwili vilivunjika, vikalia kama lozi kwenye mashine ya kubangua.

"Nilikwambia mwaka huu unabaki ghalani," baba alisema, kiwiko chake kikikandamiza kifuniko. "Hizo nyota unazotaka kusomea zitakulisha?"

Damu ilichuruzika mpaka kwenye karatasi ya mpango wake wa masomo: miaka miwili chuo cha jamii cha hapa mjini, kisha kuhamia chuo kikuu. Fizikia ya Pili ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa, chuo kikuu hakikupokei, unarudi kubangua lozi.

Yesenia hakulia. Chini ya meza, mkono wake wa kushoto ulikuwa na simu.

Kwenye skrini yake, kiti kimoja cha somo hilo kilikuwa kimebaki. Akakibonyeza kwa kidole gumba, kikawa chake.

"Unacheka nini, we mtoto?"

Simu ikaingia mfukoni. Mezani palikuwa na spana ya baba, nzito, bado ina grisi ya ghalani.

"Baba, toa kiwiko," alisema taratibu, na mkono wa kushoto ukaikamata spana.