Wimbo Wetu Sote

Mpiga kinanda alifuta neno "laingia", akaandika "lafika", kisha akaweka jina lake juu kabisa ya karatasi ya wimbo. Mpiga gitaa aliongeza "ee" mbili, na jina lake. Mzee wa Vina, ambaye kazi yake mchana huo ilikuwa kusinzia na kutikisa kichwa, aliandika la kwake kwa wino mwekundu.

Binti aliyetunga wimbo wote, ubeti kwa ubeti, aliuliza kwa sauti ndogo kama na yeye aandike.

"Mwanangu," Mzee wa Vina alimwambia, "kutunga pamoja kuna adabu yake. Mdogo hasemi 'wangu'. Husema 'wetu'."

Binti akainamisha macho, akasema ni wetu. Wimbo ulikuwa urekodiwe kesho yake. Jina likikosekana hapo, limekosekana moja kwa moja.

Asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, aliingia mwanamume mwenye koti jeusi na faili kwapani. Hakusema ametoka ofisi gani, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alikohoa, akasoma polepole:

"Tumbo lafika kwanza, mwenyewe yuko njiani."

Akaeleza kwamba walikuwa wakifanya mazoezi madirisha wazi. Kuna mkubwa mmoja amepita na kusikia, na anadhani tumbo hilo ni lake. Anamtaka mtunzi.

Hapo adabu ikazidi adabu. Mpiga kinanda alisema yeye hubonyeza tu, maneno hayajui. Mpiga gitaa alisema hata kusoma kunampa shida. Mzee wa Vina alikumbuka kuwa jana alikuwa amelala, na mashahidi anao.

Mgeni alikohoa tena, akatoa karatasi, moja kwa kila mmoja wao: mimi sikutunga wimbo huu, wala sina haki yoyote juu yake. Waliweka sahihi huku wakinyang'anyana kalamu.

"Basi ni wa nani?"

"Wa huyu," Mzee wa Vina alimnyooshea binti kidole. "Wote. Mpaka nukta."

"Ni wangu," binti alisema, akasimama.

Alitolewa nje ameshikwa mkono. Mlango ulipokwisha kufungwa vizuri, Mzee wa Vina alimwombea subira.

Walipokata kona ya pili, mgeni alijifuta jasho.

"Dada, nimekosea popote?"

"Umekohoa mno, kama baba," binti alisema, akizikunja zile karatasi tatu.