Injini ya Marehemu Ngoda

Haya alinihadithia jirani yangu Chausiku, Ijumaa iliyopita, tukichambua mchele. Siku hizi injini hushika tabia ya dereva wake na kumrithisha anayefuata. Sasa mume wa Chausiku, Shekue, alikuwa amejiundia kigari cha mbio, chepesi kama ungo, akabaki kuchagua injini: ya bibi mmoja mpole, au ya Ngoda, kaka yake Shekue mwenyewe, aliyefia kwenye kona.

"Baba Tatu, chukua ya bibi," Chausiku alimsihi.

"Nitambae kama kinyonga?"

"Shemeji hakujua breki!"

"Alijua kuendesha, Mama Tatu."

Akafunga ya Ngoda. Alirudi kutoka kuijaribu akicheka kicheko kile kile cha marehemu. Baada ya chakula akajilaza, akasinzia. Mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga godoro, unakanyaga tu. Chausiku akaulalia kwa uzito wake wote, mpaka naye usingizi ukampitia.