Maji ya Korosho

Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ndani hamkuwa na kitu.

Justina alitia ufunguo mfukoni, akasimama kuwasubiri watoto. Tangu Alhamisi hakusikia njaa wala uchovu. Alfajiri alipiga magoti, akasema, "Baba yetu uliye mbinguni," na maneno yakaishia hapo. Alipotoka nje aliukuta uwanja umeshafagiwa. Hakujiuliza ni nani aliyefagia.

Korosho ndiye farasi pekee waliyemjua watu wa Newala. Watoto walimpa jina hilo kwa rangi yake, kama korosho iliyokaangwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiwabeba watoto wenye ulemavu, akizunguka nao uwanja taratibu, na migongo iliyolegea ikapata nguvu. Hakuna aliyelipa. Ada ilikuwa dumu moja la maji kwa kila mtoto, maana farasi hunywa sana, na Newala maji si kitu cha kumwomba jirani.

Alhamisi Korosho alilala chini, asiamke tena. Justina alimwambia Fikirini, mtunza farasi, amzike nyuma ya mikorosho na asimwambie mtu. Wafadhili walikwisha sema kwamba hawataleta farasi mwingine. Wazazi wakijua, nani atajitwisha mtoto na maji kuja kutazama banda tupu? Na watoto wakibaki nyumbani, migongo itapinda tena. Alitaka muda tu, mpaka Mungu amwonyeshe njia.

"Shimo la farasi si la kuchimba mtu mmoja," Fikirini alikuwa amemwambia.

"Tafuta watu. Wawe wa mbali."

Jioni yake alijibu, "Nilipata," na Justina hakuuliza ni akina nani.

Sasa wazazi walikuwa wanafika. Sikuzani alitangulia, dumu kichwani na jingine mkononi. Mumewe, Ashiru, alimbeba mgongoni binti yao Nuria, aliyekuwa haoni tangu kuzaliwa, na kabla ya Korosho hakuweza kukaa bila kuegemezwa.

"Shikamoo, Mama Gregory."

"Marahaba, Baba Nuria." Kiganja cha Ashiru kilikuwa na malengelenge. "Umeanza shamba mapema mwaka huu?"

"Kibarua kidogo tu, Mama."

"Na nyie, mbona madumu mawili?"

Sikuzani alitazama chini. "Leo tumeona tuongeze."

"Vizuri. Korosho ana homa, anakunywa sana. Leo watoto watapanda punda wa jirani yangu Nurdini."

"Mungu ni mwema," alisema Sikuzani, akaenda kumimina maji kwenye pipa.

Waliofuata nao walileta mawili mawili. Mapipa yakajaa, zikafuata ndoo, zikafuata sufuria. Justina alisimama akitazama maji ya watu yakimiminwa kwa ajili ya mnyama asiyekunywa. Alijua kwamba ni dhambi, kama mtu aliye ndani anavyojua kwamba nje kuna jua. Lakini dhambi yenyewe haikumfikia.

Fikirini alimtandika punda, akampandisha Nehemia, mtoto ambaye miguu yake haijawahi kukanyaga chini.

"Punda huyu anatembea kama mtu aliyeitwa na mtendaji," alisema Nehemia. Wenzake wakacheka.

"Nehemia," mama yake alimkanya kwa sauti ya chini. "Siyo leo."

Mabenchi yalikuwa wazi. Wanawake walitandika mkeka wakakaa chini, kanga vichwani, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Hamida, mmoja wao, aliingia jikoni kwa Justina bila hodi, akawasha moto.

"Hamida, acha, nitapika mwenyewe."

"Leo hupiki. Njoo ukae hapa."

"Nina watoto wa kuwaangalia."

"Fikirini anawaangalia. Kaa, Mama Gregory."

Akakaa. Walimsogelea mpaka mabega yakagusana, na hawakupiga soga. Mara moja moja mmoja alisema, "Pole," naye akajibu, "Nimeshapoa." Aliona wanamhurumia kwa kuuguza mnyama, akashukuru kwamba hakuna aliyeuliza zaidi.

Nuria ndiye aliyemtia hofu. Aliposhuka kwenye punda aliomba apelekwe kumsalimia Korosho. Justina alimbeba mwenyewe. Mtoto aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, mahali ambapo kila Jumamosi pumzi ya farasi ilipenya ikampuliza vidoleni. Akangoja.

"Amelala," Justina alisema haraka.

"Ndiyo," alisema Nuria. Akaushusha mkono taratibu. "Tusimwamshe."

Hamida alipakua ugali na kisamvu, akamnawisha Justina mikono kama mgeni. Justina alikula bila kujua ladha. Baadaye wanawake walikunja mkeka, wakamuaga mmoja mmoja, kila mmoja akimshika mkono kwa muda mrefu. Hakuna aliyelitazama banda. Siri imepona, alijiambia, na hakusikia furaha yoyote.

Ndipo alipoliona dumu la Sikuzani limebaki kando ya pipa. Newala mtu anaweza kusahau mwavuli, anaweza kusahau hata viatu, lakini dumu halisahauliki. Akaliokota, akawafuata mbiombio.

Aliwakuta wanakata kona kwenye ua wa minyaa. Kabla hajaita, alisikia sauti ya Nuria kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama, leo Mama Gregory amelia?"

"Bado," Sikuzani alijibu. "Kesho tutamletea maji tena. Na baba yako atakuja na jembe. Anasema kaburi la Korosho limeanza kutitia."